Lauren Bacall hakubebwa na sura pekee

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Wanamitindo wanaotamani kuigiza huambiwa sura inatosha. Maisha ya mwigizaji Lauren Bacall wa Marekani yanakanusha hilo.

Alizaliwa New York mwaka 1924. Picha yake kwenye jalada la jarida la mitindo la Harper's Bazaar la Machi 1943 ilimvutia mke wa mwongozaji wa filamu Howard Hawks, na binti akaitwa Hollywood. Hawks hakumkimbiza mbele ya kamera. Sauti ya binti ilikuwa nyembamba, ya puani, na sauti ya namna hiyo hugeuka kelele mwigizaji anapopandwa na hisia. Akaagizwa aishushe. Alisoma kwa sauti ya chini, tena na tena, mpaka ikawa ndiyo sauti yake.

Katika To Have and Have Not (1944), filamu yake ya kwanza, kichwa kilimtetemeka kwa woga. Picha ya jalada hunasa sekunde moja tu. Kamera ya sinema haikusubiri utulie, na kwenye skrini kubwa hata mtikisiko mdogo huonekana. Akainamisha kidevu karibu kiguse kifua, akainua macho tu kumtazama Humphrey Bogart, mwigizaji mwenzake. Kichwa kikatulia, na mtazamo ule ukawa alama yake.

Baadaye jukwaa lilimpa Tony mbili, tuzo za maigizo ya jukwaani Marekani, 1970 na 1981, na mwaka 2009 akapewa Oscar ya heshima.

Waandaaji wetu, tafadhali, lipeni mwalimu wa sauti kabla ya kulipa mpambaji.

Msomaji wako,
Dar es Salaam