Msiuze Land Rover ya mzee kwanza

Dada shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake na umsomee hii yote, usirukeruke kama ulivyofanya ile ya Idi, alinipigia analia kumbe ulimsomea nusu tu.

Ijumaa nimetuma laki sita. Laki nne na nusu ni ya bati, inayobaki ni dawa za mama na matumizi madogo madogo. Usiipitishe kwa bamdogo. Sina ugomvi naye, yule ni baba yangu, lakini nimesoma alichoandika kwenye grupu nilipotuma ile picha niliyopiga na magari mabovu, eti "mtoto anakula bata Marekani, anapiga picha na skrepa, halafu sisi huku anatukataza kuuza skrepa." Watu wakacheka weee, mpaka shangazi wa Korogwe ambaye tangu aingie grupu hajawahi kuandika zaidi ya Amina, siku hiyo akamwaga vikatuni vya kucheka mstari mzima. Iliniuma dada, sikusema kitu.

Sasa nakwambia wewe. Sikwenda kutalii. Nilishusha mzigo mji mmoja mdogo wa Nebraska unaitwa Alliance, masaa yangu yakaisha. Huku ukishaendesha masaa 11 unapumzika 10, kuna kimashine ndani ya gari kinahesabu kila dakika, hakuna cha kumvuta trafiki pembeni mkayamaliza. Nimelala weee nikachoka, kijana wa sheli akaniambia nenda kaone Carhenge. Nikaacha trela nikaenda na kichwa cha lori kitupu. (Hicho kichwa, mwambie na bamdogo, deni nimemaliza mwezi wa tatu. Freightliner, jina langu mlangoni. Siringi, nasema tu.)

Unakumbuka yale mawe ya Uingereza yaliyopangwa duara, Stonehenge, yalikuwa kwenye kalenda ya ofisini kwa mzee? Basi kuna bwana alikuwa anaitwa Jim Reinders, aliwahi kuishi Uingereza akayachunguza vizuri. Baba yake alipofariki ukoo ukakubaliana wakutane shambani pale alipokuwa akiishi mzee wao, wamwekee kumbukumbu. Mwaka 1987, mwezi wa sita, wakaja ndugu kama 35, na walichojenga ni magari. Magari mabovu 39, mengine wamechimba shimo wakayasimamisha wima buti chini, mengine wameyapandisha juu wakayachomelea kama linta ya mlango, halafu yote rangi ya kijivu. Limesimama katikati ya majani, upepo unavuma, hamna kitu kingine. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama chizi. Halafu nikaacha kucheka.

Maana wakubwa wa mji mwanzoni walikuwa hawalitaki, wanaona ni takataka limewekwa barabarani. Leo watu wanatoka mbali kuliangalia na hakuna kiingilio. Pembeni kuna na kaburi la magari matatu ya kigeni, mwanzo yalikuwemo kwenye duara, yakatolewa yakazikwa, yakawekwa ya Kimarekani. Nikasema kumbe hata magari yanasumbuliwa makaratasi.

Watu 35 dada, wameelewana. Sisi watoto tisa na bamdogo mmoja, Land Rover moja iko juu ya mawe chini ya mfenesi haimdai mtu chakula, imetushinda. Eti skrepa wananunua kwa kilo. Hilo gari ndilo lililotushusha wote Mombo kwenda shule, na makabichi nyuma, na mbuzi wa watu, na siku ile breki zilipokata Soni mzee akalibamiza ukingoni makusudi tukapona. Bamdogo mwenyewe alikuwemo! Alikaa mbele! Muulize amesahau?

Wiki iliyofuata nikapita Kansas, mji unaitwa Cawker City, kadogo, nadhani Mombo ni kubwa kuliko pale. Wana mpira wa kamba. Ndiyo, kamba. Mkulima mmoja, Frank Stoeber, mwaka 1953 alianza kuviringisha vipande vya kamba za kufungia majani ya ng'ombe vilivyokuwa vinazagaa bandani kwake, hakuacha, baadaye akaupa mji, na mpaka leo kila anayepita akitaka anaongeza chake. Sasa umeshapita tani 9, wameujengea paa kama kituo cha basi. Kuna mji mwingine Minnesota nao una wake, wanabishana nani mkubwa, kwa sababu ule wa Minnesota aliuviringisha mtu mmoja peke yake. Ugomvi wa watu wazima kabisa.

Lakini dada, nilivyousogelea. Ni katani. Katani yenyewe, singa kabisa. Nimesimama pale na kahawa yangu mkononi nikasikia harufu ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, nikamwona mzee anarudi jioni ananuka maji ya mkonge na mama anamwambia nguo vulia huko huko nje. Nikamwambia mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa pale kwamba hii ni zao la kwetu Tanga, akaniuliza Tanga iko Mexico upande gani. Nikamwacha.

Nilipewa kipande nikakizungushia. Nikamtaja mzee kimoyomoyo. Sikupiga picha, bamdogo angesema naabudu kamba.

Hali yangu nzuri. Baridi imeanza, mgongo kidogo, basi.

Kuhusu gari, naomba mambo mawili tu. Muda wangu wa likizo ni Desemba, lisiguswe mpaka nije, na kama shida ni hela ya skrepa, waulize wanapima kilo ngapi, hiyo hela nitatuma mimi na bamdogo aipokee yeye mwenyewe kwa mkono wake. Halafu nenda na simu kanipigie picha mlango wa dereva, pale palipoandikwa namba ya shamba la mkonge kwa rangi nyeupe, nione kama bado inasomeka. Kuku wanaotaga ndani usiwafukuze, waache.