Barua ya wazi kwa shemeji yangu wa Madison: kuhusu mbegu za ndege

Shemeji yangu mpendwa,

Uliniuliza kwenye simu kama kuna akili yoyote katika kununua mfuko wa mbegu za alizeti kwa ajili ya ndege wasio na mwenyewe, ilhali bili ya kupasha nyumba joto haijalipwa na nyumbani wanasubiri ada. Najibu hadharani, kwa kuwa wengi wetu tunaoishi majimbo ya kaskazini ya Marekani huulizwa swali hilohilo.

Mtazame chikadi, yule mdogo mwenye utosi mweusi na mashavu meupe, ambaye hahamii kusini hata theluji ifunike kila kitu. Ana uzito wa gramu 11 hivi, na katika usiku wa Januari unaozidi saa 14 huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini mchana huohuo, huku akiushusha joto mwili wake kwa takriban nyuzi 10 ili akiba isimwishie kabla ya alfajiri. Huchukua mbegu moja tu kwa safari, akaibana kwa miguu juu ya tawi na kuigongagonga kwa mdomo mpaka ganda lipasuke. Nyingine huificha kwenye gome la mti, naye hukumbuka alikoiweka.

Wewe ni mtu wa mahesabu, basi haya hapa, tena ya Wisconsin kwenu. Mwaka 1988 watafiti Margaret Brittingham na Stanley Temple walichapisha matokeo kwamba asilimia 69 ya chikadi waliopata chakula cha ziada walivuka kipupwe wakiwa hai, na kwa wasiopata ni asilimia 37 tu. Tofauti ilijitokeza hasa katika miezi ya baridi kali. Baadaye waliondoa vyombo vya kulishia ndege mahali ambapo ndege walikuwa wamelishwa kwa miaka 25, wakaona wanaishi sawasawa na wenzao wasiowahi kulishwa. Kwa hiyo hufugi ombaomba, na ukisafiri kwenda Mombasa mwezi Desemba usiwe na wasiwasi.

Ushauri wangu ni kwamba ununue kidogo, alizeti nyeusi yenye ganda jembamba na mafuta mengi, na uitunze kwa majuma ya baridi kali. Mkate hauna nguvu ya kutosha, na wali wa jana wenye chumvi usiwape kabisa (najua utajaribu).

Kwenye usafi sina mzaha. Tangu miaka ya 1990 ugonjwa wa macho umekuwa ukienea miongoni mwa ndege wanaokusanyika kwenye vyombo vya chakula, macho yakivimba mpaka hawaoni. Osha chombo kila baada ya majuma mawili kwa sehemu moja ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na tisa za maji, ukisuuze na kukikausha, na ufagie makapi chini. Ukiona hata ndege mmoja mwenye jicho lililovimba, kiteremshe chombo kwa muda, hata kama nje kuna baridi ya kutisha.