Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tovuti Mpya, Maulizo ya Wateja na Ada

Ndugu wanachama,

Kwa heshima nawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama chetu cha wafanyabiashara wadogo kwa mwaka unaoisha. Kamati tendaji ilikutana mara 6, semina 2 za utunzaji wa hesabu ziliendeshwa, daftari la wanachama lilihakikiwa na hesabu zilikaguliwa bila hoja. Haya mliyasoma kwenye kundi letu la WhatsApp yalipokuwa yakifanyika, sitayarudia.

Jambo lililotuchukulia muda, na lililozua maneno, ni tovuti. Nimeulizwa mara nyingi, mara moja kwa ukali mbele ya watu, kwa nini kamati ilitumia theluthi moja ya akiba ya chama kuijenga upya tovuti ambayo "ilikuwa inafanya kazi". Naomba kulijibu swali hilo kwa kirefu ili jibu liingie kwenye kumbukumbu.

Nianze na utaratibu. Pendekezo lilipelekwa kwenye mkutano mkuu wa Februari. Kati ya wanachama 86 walifika 17, na akidi kwa katiba yetu ni theluthi moja, yaani watu 29. Tukaahirisha kwa wiki mbili. Mara ya pili wakafika 14. Katiba inairuhusu kamati kuamua pale mkutano unapokosa akidi mara mbili mfululizo, mradi itoe taarifa kwa wanachama. Tuliamua, na taarifa ndiyo hii. Simlengi mtu, lakini baadhi ya sauti zilizolalamika zaidi hazikuwemo kati ya wale 17 wala wale 14. Orodha za mahudhurio anazo katibu.

Sasa hilo la kwamba ilikuwa inafanya kazi. Januari nilimwomba jirani yangu, mama aliyekuwa anatafuta seremala wa kumtengenezea kabati, aitumie tovuti yetu kwenye simu yake nami nikae pembeni bila kusema neno. Akaifungua. Kioo kikabaki cheupe. Nilihesabu moyoni hadi 11. Ikaja picha kubwa ya mkutano wetu mkuu wa zamani, tumesimama kwa mistari miwili, ikateleza, ikaja nyingine, ikateleza tena. Akashuka chini kutafuta neno "useremala". Alipoliona na kulibonyeza, picha nyingine ikamalizia kufunguka juu yake, maandishi yakasukumwa chini, na kidole kikaangukia tangazo la semina ya mwaka juzi. Akarudi nyuma, akasubiri upya. Alipompata seremala akaniuliza, "Mbona namba yake siwezi kuibonyeza?" Namba ilikuwa imeandikwa ndani ya picha ya bango, haipigiki wala hainakiliki. Hakukasirika. Aliifunga tu, akampigia fundi mwingine aliyeelekezwa na dada yake.

Nilichokiona siku ile kina vipimo vyake. Google hupima mambo matatu: kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vitu visihamehame ukurasa unapofunguka, alama yake isizidi 0.1. Kila mmoja wenu anaweza kupima tovuti yake bure kwa PageSpeed Insights, chombo cha Google cha mtandaoni. Yetu ilianguka yote matatu. Tena mwaka 2023 Google ilikamilisha mpango wake wa kuzisoma tovuti kwa sura ya simu kwanza, kwa hiyo ile sura nzuri ya kwenye kompyuta ambayo baadhi yenu mliitetea siyo inayotazamwa wakati wa kupanga matokeo. Juu ya hayo, tovuti ilikuwa bado haina cheti cha usalama. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome humwonya mtu kando ya anwani kwamba tovuti ya namna hiyo si salama, na mteja anayeombwa kuandika namba yake ya simu mahali penye onyo kama hilo ana haki ya kuondoka. Cheti hicho hutolewa bure na shirika liitwalo Let's Encrypt tangu 2015. Kwamba tulikaa miaka yote hiyo bila kukiweka ni kosa la uongozi, na miaka mitatu kati ya hiyo ni ya kwangu.

Lililoniuma zaidi ni fomu ya mawasiliano. Ilikuwa na nafasi 14 za kujaza, mojawapo namba ya faksi. Waliovumilia hadi mwisho, ujumbe wao ulikwenda kwenye barua pepe ya ofisa aliyekwisha kuondoka madarakani. Tulipofanikiwa kuifungua tukakuta jumbe 63 za wateja ambazo hakuna aliyezisoma. Mmoja alitaka sare za wafanyakazi 40. Aliandika mara tatu: ya kwanza kwa adabu na vipimo vyote, ya pili kwa mistari miwili, ya tatu neno moja, "Mpo?" Nilimpigia mwenyewe, nikamwomba radhi. Alishashonesha kwingine.

Ndiyo maana ukurasa wa mwanzo ulibadilika. Sasa unajibu anachotaka mteja: mnafanya nini, mnafanyia wapi, nawapataje. Picha za viongozi na historia ya chama zimehamia ukurasa wa "Kuhusu sisi". Najua uamuzi huu uliwaudhi waasisi wetu, ambao nawaheshimu sana, na picha yangu pia imeondoka hapo mbele. Lakini anayetafuta fundi bomba saa tatu usiku maji yakiwa yamejaa jikoni hawezi kupitishwa kwanza kwenye safu ya wenyeviti. Fomu imebaki na nafasi 3: jina, simu, unahitaji nini. Kitufe cha kupiga na cha WhatsApp vinabaki chini ya kioo popote mtu anaposhuka. Picha zimepunguzwa uzito. Kila huduma ina ukurasa wake, na hapa nilisimama kidete dhidi ya fundi wetu wa tovuti: vichwa vya habari viandikwe kwa maneno ya mteja. Hakuna mtu anayetafuta "suluhisho bora za samani". Watu hutafuta "kabati la jikoni la kuagiza" na "kurekebisha kiti kilichovunjika". Nilipitia zile jumbe 63 moja baada ya nyingine nikinakili maneno waliyotumia, na ndiyo leo yako kwenye kurasa zetu.

Wapo wanaosema watembeleaji walipungua Aprili. Ni kweli. Anwani za kurasa zilibadilika na fundi hakuweka maelekezo ya kudumu, yale yanayoitwa 301, ya kumtoa mtu kwenye anwani ya zamani na kumpeleka kwenye mpya. Kwa wiki tano waliobonyeza viungo vya zamani, hata vile vya kwenye Google, walikutana na 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haupo. Nililigundua mimi, usiku, nikiangalia Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha hali ya tovuti kwenye utafutaji, na asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwa fundi nikiwa na orodha ya anwani 71 nilizoziandika kwa mkono. Zilirekebishwa siku mbili baadaye, na kufikia Juni watembeleaji walikuwa wamerudi. Ningeomba wanaoitaja Aprili waitaje na Juni.

Takwimu za Mei hadi Novemba, zilizopitiwa na katibu na mweka hazina, ni hizi: maulizo 212, kwa WhatsApp 138, kwa fomu 51, kwa simu 23. Yaliyojibiwa siku hiyohiyo 96, yaliyojibiwa baadaye 49, yasiyojibiwa kabisa 67. Kazi zilizothibitishwa na wanachama 41. Naamini ni zaidi, ila wengine mkipata kazi hamsemi.

Naomba mrudi kwenye hiyo 67. Hao ni watu waliotutafuta, wakatupata, wakaandika haja yao na namba zao, wakatumwa kwa mwanachama kwa jina, na mwanachama akanyamaza. Hili halitengenezwi na fundi yeyote wa tovuti. Mteja anapouliza huwa ameuliza na kwa wenzetu wengine, na anayemjibu kwanza ndiye anayeanza naye mazungumzo. Nimewapigia wahusika mmoja mmoja. Nimeambiwa "nilikuwa safarini", "sikuona", na mmoja aliniambia mteja "hakuonekana kuwa na nia". Alijuaje bila kumjibu?

Vivyo hivyo kwenye picha za kazi. Tuliomba kila mwanachama alete picha 5 za kazi aliyoifanya yeye. Walioleta ni 22. Mmoja alileta picha ya sebule yenye nembo ya kampuni nyingine pembeni. Tuliikataa, na bado ananinunia. Novemba tuliita semina ya kujaza wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaoonekana kwenye ramani pamoja na saa za kazi na maoni ya wateja. Ni bure na hauhitaji hata kuwa na tovuti. Tulipanga viti 60. Walikuja 9, na wanne kati yao ni wajumbe wa kamati.

Kuhusu ada, waliolipa hadi leo ni 39 kati ya 86. Domeni, yaani jina la tovuti, na seva inayoihifadhi hulipiwa kila mwaka, na tusipolipa jina letu linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine. Septemba zilibaki siku 9, akaunti ya chama haikutosha, nikalipa mfukoni mwangu. Risiti anayo mweka hazina. Sijarejeshewa wala sijadai. Kamati imeamua kuwa kuanzia mwaka ujao maulizo ya wateja yaelekezwe kwanza kwa waliolipa ada na wanaojibu. Nimesikia hili likiitwa ubaguzi. Mwanachama anayelipa ada ili jirani yake asiyelipa apate wateja ndiye aliyekuwa akibaguliwa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza ushuhuda wa wateja waliokubali majina yao yatajwe, kuangalia uwezekano wa kurasa za lugha ya pili, na labda kumpata kijana wa kupokea maulizo kwa muda wote. Hayo yatategemea makusanyo na mahudhurio. Nawashukuru katibu, mweka hazina, na wale 17 wa Februari.

Ajenda ya kwanza ya mkutano mkuu ujao ni kuthibitisha uamuzi wa kamati kuhusu tovuti. Akidi ni 29.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti