Presha ya macho: leza itangulie matone

Mhariri,

Mgonjwa akigundulika ana presha ya macho, yaani glakoma, mara nyingi huondoka kliniki na kichupa cha timolol, matone ya kushusha presha hiyo, cha kutumia asubuhi na jioni, maisha yake yote. Tunaomba utaratibu huo ubadilike.

Ushahidi umetoka hapa hapa Tanzania. Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet Global Health, ulihusisha wagonjwa 201. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza ya SLT, inayosaidia maji ya ndani ya jicho kutoka ili presha ishuke. Kwa timolol ni asilimia 31 tu.

Hatushangai. Sehemu kubwa ya tone huishia shavuni au hushuka kupitia mfereji wa machozi hadi puani. Isiyofika asilimia 5 ndiyo huingia ndani ya jicho. Inayoshukia puani huingia kwenye damu, na ndiyo maana timolol ni hatari kwa mwenye pumu. Tena glakoma haiumi: dawa ikiisha, mtu hahisi lolote, na mshipa wa fahamu wa jicho ukifa haurudi.

Leza yenyewe ni kazi ya dakika chache. Jicho hutiwa ganzi ya matone, huwekewa lenzi yenye kioo, kisha hupigwa mipigo kama 100 kuzunguka pembe ya mbele ya jicho, ambamo maji ya jicho hupita kwenda nje. Nguvu hurekebishwa mpaka viputo vidogo vianze kuonekana. Presha ipimwe tena baada ya saa moja, maana huweza kupanda ghafla. Pembe ikaguliwe kabla: ikiwa imeziba, leza hii haifai.

Wapo wanaosubiri vipandikizi vya dawa, vinavyowekwa ndani ya jicho. Marekani iliidhinisha kimoja cha dawa ya bimatoprost mwaka 2020, lakini wakati huo kwa mara moja tu kwa kila jicho, kwa kuhofia seli za konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Tusivisubiri wakati leza ipo na inarudiwa.

Wizara na bima wapige hesabu ya matone ya miaka mitano, ndipo walinganishe na bei ya mashine. Na aliyepigwa leza asitoke bila tarehe ya kurudi: nguvu yake hupungua miaka inavyokwenda, bila dalili, na presha ikipanda apigwe tena au aongezewe matone.

Wahudumu wa kliniki ya macho