Umenunua boti ya faiba ya zamani? Igonge kwanza, rangi baadaye

Wiki hii tena tumepigiwa ile simu. "Fundi, nimepata boti ya tanga ya zamani, ya faiba, bei ya kutupa, nataka rangi tu niishushe majini Disemba." Rangi tu! Jamani sisi rangi tunauza, tungenyamaza tukauza tukala pesa, lakini boti ikirudi mwakani inavuja ni sisi tunaoangaliwa kwa jicho baya, kwa hivyo acha tuyaseme hapa mara moja.

Hizi boti unazoziona zimelala kwenye kriki za huku Mtwapa na Kilifi, nyingi ziliundwa Ulaya miaka ya 60, 70 na 80, mwenyewe akaja nayo akizunguka dunia, hapa akachoka, au pesa zikakata, au bibi akasema mimi narudi nyumbani na ndege, ndo ikaachwa. Faiba haiozi kama mbao na wadudu wa baharini hawaili, hiyo ni kweli kabisa. Sasa watu wanasikia hivyo wanadhani boti ya faiba haiharibiki, kumbe inaharibika kimyakimya, maji yanaingia ndani na juu inabaki inang'aa.

Pa kuanzia ni deki. Deki ya boti nyingi za zamani si faiba tupu, ni tabaka mbili nyembamba za faiba na katikati mbao nyepesi sana inaitwa balsa, kama vipande viwili vya mkate na kitu katikati. Kila nguzo ya reli, kila kifaa cha kufungia kamba kimepitishiwa skrubu kwenye hiyo mbao, na silikoni iliyozibia matundu ilishakauka zamani. Mvua ikinyesha maji yanapita kwa skrubu na hayana pa kutokea. Chukua bisibisi, igeuze, gonga deki na mpini pole pole kila inchi mbili tatu. Pazima panalia ko ko ko. Palipooza panalia bup, sauti imekufa. Weka alama na chaki unavyoenda.

Kuna jamaa alituletea ya futi 26, ameshaipaka nyeupe inameta, yeye anataka tumwekee mataa tu. Tukagonga, tukachora chaki, kuzunguka mlingoti wote hapakuwa na mahali pazima pa kuweka sahani. Alikataa katakata, akasema sisi tunatafuta kazi. Haya, tukamwambia chagua mwenyewe pa kukata. Tukakata na grainda kipande kama kifuniko cha sufuria, tukakibandua, ile balsa ilikuwa nyeusi, akaishika akaikamua kwa mkono wake mwenyewe, maji yakatoka kama unakamua chicha la nazi ila tui lenyewe ni jeusi na linanuka. Hakusema kitu tena. Rangi yake ya bei tukaisaga yote.

Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe, hatukufichi. Unakata ngozi ya juu, unakwangua uozo wote mpaka ufike pakavu, unaacha pakauke sawasawa, unaweka balsa mpya au fomu (ile povu ngumu ya plastiki) kwa epoksi, ile gundi kali ya kuchanganya, unarudisha ngozi. Ila maungio lazima uyachonge yawe mteremko, upana mara 12 ya unene, yaani faiba ya milimita 5 inataka mteremko wa milimita 60 kila upande, ndo tabaka mpya zishikane na za zamani. Ukiunganisha kichwa kwa kichwa ukapaka fila juu, ufa utarudi palepale. Na matundu ya skrubu, toboa makubwa, jaza epoksi nzito, ikikauka toboa tena katikati, hapo hata silikoni ikichoka maji hayagusi mbao.

Haya tushuke chini. Ukiona malengelenge chini ya boti usipake juu yake. Polyester, ile gundi iliyoshikanisha nyuzi za faiba boti ilipoundwa, imekaa majini miaka 40, maji yamepenya polepole na kutengeneza kiowevu chenye asidi ndani ya faiba. Ukitoboa lengelenge vaa miwani kwa sababu huwa lina presha, linaruka, na linanuka kama siki. Yakiwa machache fungua moja moja, osha na maji matamu, kausha, osha tena, zile chembe zilizobaki ndani ndo zinaendelea kuvuta unyevu. Yakiwa yamejaa boti nzima, hiyo ni kazi ya miezi, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ni kungoja ikauke tu, usianze masika imekaribia.

Tunaulizwa sana epoksi au polyester. Epoksi inashika vizuri juu ya polyester ya zamani, lakini polyester juu ya epoksi haishiki vizuri, kwa hivyo ukianza kutengeneza na epoksi malizia na epoksi. Ile mati ya kawaida ya nyuzi fupi tunayouza kwa mita ni ya polyester, gundi yake inayeyuka kwa polyester, ukiitia epoksi inabaki ngumu haikai kwenye kona. Ya epoksi ni kitambaa cha kufumwa, uliza dukani utaonyeshwa. Na epoksi ikikauka huwa inaacha utando kama nta, uoshe na maji na sponji ya sufuria kabla hujapiga msasa wala kuongeza tabaka.

Hadina nayo, ile dawa ya kugandisha. Polyester inataka kati ya asilimia 1 na 2, kwa joto letu sisi tunakaa karibu na 1, yaani gramu 10 kwa kilo. Mimi mwenyewe nikianza hii kazi nilikuwa namimina kwa macho, saa saba mchana, ndoo nzima, nikageuka kuchukua brashi, narudi ndoo inatoa moshi na plastiki imekunjamana. Tangu siku hiyo mizani haitoki mezani. Epoksi ndo kabisa, vipimo ni vile vilivyoandikwa kwenye mkebe, kuongeza hadina haiharakishi, inaharibu. Hadina ya polyester ikikuingia machoni inaweza kukupofusha, miwani si urembo. Na vumbi la faiba, vaa mikono mirefu na maski, paka poda ya mtoto shingoni na mikononi, la sivyo usiku hulali.

Vitu vingine tunaomba usivifanye peke yako mara ya kwanza. Waya za mlingoti, hata zikiwa zinang'aa, pitisha pamba, ikinasa kuna uzi umekatika, na zikishapita miaka 10 hadi 15 badilisha tu usibembeleze. Valvu za chini pia, za shaba ya njano zikikwanguliwa zikaonyesha rangi ya pinki zinki imeshaliwa, zinaweza kuvunjika kwa mkono. Na bolti za mkuku, ule uti mzito ulioko chini ya boti, hizo tuite.

Kuja kutuonyesha, kama boti yako ni ya mikuku miwili njoo nayo wakati wa bamvua, iingie maji yakijaa, yakipwa inasimama yenyewe kwenye tope na tunapata muda wa kuingia chini na tochi. Ya mkuku mmoja tupigie kwanza tuandae miti ya kuiegemeza. Ukaguzi tunatoza, ukitupa kazi tunaukata kwenye bili. Na tafadhali, usiipake rangi kabla ya kuja.