Kikao cha Jumamosi: ROTC na ualimu wa muziki

Habari za jioni wazazi na vijana wetu wa huku Marekani, Jumamosi saa mbili usiku tunakutana Zoom kuongelea hizi kozi mbili maana maswali yamekuwa mengi sana. ROTC, yaani mpango wa kuandaa maofisa wa jeshi la Marekani ukiwa chuoni, ipo tangu 1916, unasoma digrii yako kama kawaida na pembeni unachukua masomo ya uongozi wa kijeshi, miaka miwili ya kwanza kama huna skolashipu yao unaweza kuacha na hawakudai kitu, mwaka wa tatu ndo unasaini mkataba wa jeshi na hapo lazima uwe raia wa Marekani, kwa hiyo wenye grinikadi fuatilieni makaratasi mapema jamani. Ukimaliza unatoka luteni usu.

Ualimu wa muziki watu wanauchukulia poa lakini ni mzito!! Kuingia tu unapiga ala yako mbele ya walimu wakupime, halafu humo ndani utashika klarineti, tarumbeta, fidla, ngoma, kidogo kidogo zote, na mwishoni unaenda kufundisha shuleni muhula mzima. Mtoto anayepiga kinanda kanisani kwa kusikia tu aanze kusoma nota sasa hivi.

Vijana wenyewe wawepo tafadhali, sio wazazi tu.