Dada, ile kahawa niliitafuna

Dada,

Simu zangu hupokei. Ujumbe unasoma, tiki mbili za bluu zinabaki kunikodolea macho. Basi nakuandikia hapa, ambapo shemeji zako na nusu ya Bukoba watasoma. Najua utasema nimezoea kutafuta mashahidi. Sawa.

Wito wa baraza la ardhi, kwa kesi yako ya kudai fungu la shamba la Baba, nilipewa na mtendaji dukani, wateja wamejaa. Hivi ulishindwa kumwambia anifuate nyumbani jioni? Hilo limeniuma kuliko kesi yenyewe.

Siku ninayotaka kuisema unaijua. Tumeanua matanga ya Baba, wazee wa ukoo wamekaa kivulini, wewe ukatumwa ndani kuleta kahawa za kutafuna. Ulipotoka na kile kikapu kidogo cha Mama mambo yalikuwa yamekwisha, nimeshaitwa musika, mrithi mkuu. Hakuna aliyekuambia. Ulijua kwa jinsi walivyonyamaza. Ukaanza kwa wazee, mmoja mmoja, mpaka ukafika kwangu ukapiga magoti. Wewe uliyenibeba mgongoni, uliyenipangusa kamasi kwa pindo la kanga yako, ukapiga magoti kwenye vumbi ukaninyooshea kikapu: "Musika, chukua."

Nikachukua mbili. Nikatafuna. Sikukuambia inuka.

Miaka kumi na mitatu sasa najiuliza kama siku ile uliniheshimu au ulinitukana. Kama ulinitukana, ulifanikiwa, na bado sijakusamehe kunifanyia vile mbele za watu.

Ungetaka nifanye nini? Nilikuwa na miaka 24. Mila sikuzitunga mimi. Hata serikali ilizikuta, ikaziandika kwa wino katika Tangazo namba 436 la mwaka 1963: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza la urithi, wavulana wengine la pili, mabinti la tatu. Mjane hapati fungu akiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto kama alivyowatunza. Ningesimama niwaambie nini wazee wale?

Najua utanijibu kwa Holaria Pastory. Ulimtaja kwenye arobaini ya Mama, sufuria mkononi, mpaka waliokuwa wanaosha vyombo wakaacha kuosha. Mama wa Kihaya kama sisi, kaachiwa ardhi na baba yake kwa wosia, kazeeka hana wa kumtunza, mwaka 1988 kaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo, na kesho yake mtoto wa ndugu yake kakimbilia mahakamani kuzuia. Ulipofika hapo kwa mtoto wa ndugu yake ukanigeukia mimi, na kila mtu akanigeukia. Ndiyo, najua, mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza alisema mwanamke anauza sawasawa na mwanamume. Lakini Holaria alikuwa na wosia, dada. Baba hakutuachia hata mstari mmoja.

Na habari za ukweni kwako Morogoro, kwamba Uluguruni ardhi inafuata ukoo wa mama, nimezisikia mpaka nimezikariri. Muulize shemeji ni nani anayesimama kuigawa. Mjomba! Mwanamume yule yule, kahamia kiti kingine tu.

Sisemi kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na haki. Kahawa alichuma Mama, akaanika, akaikimbilia mvua ilipotisha, na wewe nyuma yake na mikeka. Siku ya mzani Baba alioga, akavaa koti, akaenda peke yake, kwa sababu kitabu cha chama cha ushirika kilikuwa na jina lake. Mama alikuwa na vile vijinjugu mawe vyake kule rweya, kwenye mbuga za nyasi nje ya migomba, na hivyo ndivyo vilivyoninunulia viatu vya sekondari mwaka ule wewe ulipoambiwa ukae nyumbani kwanza. Hiyo "kwanza" haikuisha. Hilo nimekuomba radhi mara mbili, na mara zote mbili ukacheka.

Ushauri wangu, ambao hukuuomba: futa kesi, turudi kwenye ukoo, tuongee kama watu wa tumbo moja. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nimekisoma, usifikiri hapa kijijini hatusomi. Kinasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Haya. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia, kifungu hicho kilikuja kung'oa migomba? Niling'oa mimi, shina kwa shina, nikachoma panga kwenye moto kila nilipohamia shina jingine, mikono imetoka malengelenge. Bati la nyumba ya Mama ni langu. Dawa zake pia. Wewe ulituma hela, sikatai, na vitenge.

Mama aliishi miaka kumi na miwili kwenye kibanja changu, hilo shamba la nyumbani. Ona, nimeandika "changu".

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Mwaka mmoja kabla hajafa alikuja dukani asubuhi, amejifunga kanga mbili, akasimama kando mpaka wateja wakaisha. Nikadhani anaumwa. Akaniuliza kama naweza kumruhusu akate mkungu mmoja ampelekee jirani aliyefiwa. Migomba ile aliipanda yeye, mimi sijazaliwa. Nikamwambia, "Kata tu, Mama." Na nilijisikia vizuri, dada. Siku nzima nilijisikia mtu mkarimu.

Mtendaji anasema hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina mawili. Fomu iko juu ya kabati la Mama, sijaijaza. Upande wa jikoni mpaka kwenye makaburi, sina neno. Lakini ile mibuni ya chini, kwenye mpaka, siitoi. Niliipanda mwenyewe, nikaimwagilia kwa ndoo kiangazi kizima, na kiangazi kile unajua ulikuwa wapi.